Bibi na Bastola ya Mpini wa Mbao

Bibi aliogopa mijusi, radi, na maputo yanayopasuka kwenye sherehe za watoto. Bastola hakuiogopa. Kila nilipojaribu kumwonyesha kwamba mambo hayo hayapatani, mimi ndiye niliyeonekana sina akili.

"Mjusi hana adabu," alinieleza siku moja akiwa amesimama juu ya kiti. "Hujui atakuja saa ngapi wala atakuangukia wapi. Bastola haijiendei yenyewe."

"Lakini Bibi, hakuna mtu aliyewahi kuuawa na mjusi."

"Umewauliza wote?"

Asubuhi ile ile alikuwa ametoka kupiga shabaha. Kelele zake za mjusi zilimfanya dereva aache gari likiunguruma langoni, akimbilie ndani na ufagio.

Nilikuwa msaidizi wake katika nyumba yake ya Al Rayyan. Nilimsomea maandishi madogo kwenye chupa za dawa, nilimwandikia ujumbe wa simu, na nilifuatana naye kila alikokwenda. Nilikuwa nimekuja Doha kutoka Morogoro na shahada ya falsafa ambayo hakuna mwajiri aliyewahi kuiulizia. Yeye alikuwa raia wa hapa, mjane, mama wa watu wazima, na Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, cha zamani, kilichotiwa Kiarabu cha Ghuba kama chai inavyotiwa iliki. Alizaliwa wapi na alifikaje huku sitaeleza. Mwenyewe alinipa hadithi mpya kila nilipouliza, na zote alizisimulia kwa uhakika ule ule. Nilizilinganisha, hazikupatana, nikaacha.

Aliniita Msomi. Haikuwa sifa. "Msomi, nitafutie miwani." "Msomi, muulize huyu kwa nini samaki wake ana macho mekundu." Dereva wetu, Mkenya, alimwita Nairobi.

"Bibi, mimi ni wa Kitale," dereva alimkumbusha.

"Kitale iko wapi?"

"Kenya."

"Haya. Nairobi, washa gari."

Dereva alilalamika kwangu kuhusu jina hilo mpaka siku aliposikia tunakotoka na kilichonunuliwa. Alinitazama kwenye kioo cha gari, macho yamemtoka. "Ati shosh ako na mchuma? Manze, sista, kuanzia leo mimi naitwa Nairobi."

Siku ya kuinunua nilikuwepo. Duka lilikuwa limetulia kama duka la saa za mkononi. Muuzaji, kijana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri, alimletea Bibi bastola ndogo, nyepesi, ya rangi ya kijivu, akasema wanawake wengi huipenda. Bibi aliishika kwa ncha za vidole.

"Hii rimoti ya televisheni," akasema kwa Kiswahili, akanigeukia nitafsiri. Sikutafsiri. Nilisema tu kwamba Bibi angependa kuona nyingine.

Nyingine ilikuwa chini kabisa ya kabati la kioo. Ilikuwa ya chuma kitupu, nyeusi inayoelekea buluu, nyundo yake imejitokeza nyuma, mpini umevikwa vibao vya rangi ya tende vilivyochorwa mistari ya kukatana. Muuzaji alieleza kwamba imetengenezwa karibuni lakini kwa umbo la zamani, lile ambalo maafisa wa enzi za babu zetu walilivaa kiunoni. Risasi ikitoka, sehemu ya juu ya bastola inarudi nyuma yenyewe, inatupa ganda na kupandisha risasi nyingine. Lakini kila risasi inangoja kidole chako. Bibi alipenda sana hapo pa kungoja. Alitaka nimuulize muuzaji mara ya pili ili asikie tena.

Kisha akaipima mkononi kama mtu anayechagua nazi sokoni. Aliinua, akashusha, akafumba macho. "Hii ina uzito wa mtu mzima," akasema. Wakati muuzaji akianza habari za vibali, Bibi alikuwa akipitisha kidole gumba juu ya ile mistari ya mbao, taratibu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefika mahali.

Niseme mapema, kwa kuwa watu wakisikia hadithi hii huwaza vingine: hakuwahi kulala na bastola chini ya mto. Kibali chake kilikuwa cha kupiga shabaha tu, na bastola ilikaa katika ghala la klabu. Alikuwa akienda kuitembelea, kama watu wanavyokwenda kumwona farasi wao.

Kwa nini mwanamke wa umri ule anunue bastola? Nilimuuliza zaidi ya mara moja, kwa sababu mimi ni mtu wa kuuliza, na kwa sababu sizipendi. Nilikokulia nilizoea kuziona viunoni mwa watu ambao hukuweza kuwauliza chochote. Jibu lake la kwanza lilikuwa kwamba kaka zake walipelekwa jangwani kuwinda, yeye akaachwa kambini ashike chupa za chai. Jibu la pili lilikuwa kwamba nyumba imekuwa kimya mno tangu mumewe afariki, naye anataka kitu kinachojibu. Jibu la tatu alilitoa akiwa amenichoka.

"Ni nzuri. Wewe kila kizuri lazima kikupe sababu?"

Hili lilinikera kuliko mengine, pengine kwa kuwa sikuweza kulipinga. Ilikuwa nzuri. Mimi nisiyezipenda nilijikuta naitazama mezani klabuni kama kitu kilichofikiriwa na mtu makini tangu mwanzo hadi mwisho, na nikajichukia kidogo kwa kuitazama hivyo.

Wajukuu wake aliwakataza bastola za kuchezea. Mmoja wao aliletewa ya plastiki yenye taa na mlio, Bibi akaichukua akaifungia kabatini pamoja na chupa za manukato. Nikaona nimempata.

"Bibi, unawanyima watoto ya plastiki, wewe una ya chuma."

"Ya plastiki unamwelekezea mwenzio na kucheka. Yangu, kabla hujaishika, unanyamaza. Kwanza wajue kunyamaza."

"Na wewe hujui kunyamaza," nikasema, maana kufikia wakati huo tulikuwa tumeshazoeana.

"Mimi ni mtu mzima. Nimeshanyamaza sana."

Sitaki nimpambe. Alikuwa mwajiri wangu, na kuna siku alilijua hilo kuliko kitu kingine chochote. Aliweza kuniamsha katikati ya usingizi wa mchana ili nimpe glasi ya maji iliyokuwa karibu naye kuliko mimi. Aliweza pia kuingia jikoni, kumwondoa mpishi, na kunipikia yeye mwenyewe uji wa pilipili manga nilipougua, akakaa pembeni mpaka nimalize, akinisuta kwamba wasomi hawajui kuugua. Mambo hayo mawili sikuwahi kuyajumlisha nikapata jibu moja.

Kilichokuwa hakibadiliki ni neno lake. Miaka ya nyuma aligombana na binamu yake, akatamka mbele ya watu kwamba hatakanyaga nyumba ile mpaka aombwe radhi. Binti wa nyumba ile akaolewa. Bibi alikwenda harusini, amevaa dhahabu zake zote, akakaa ndani ya gari nje ya geti. Bibi harusi aliletwa dirishani kubarikiwa. Wali uliletwa dirishani. Wanawake walitoka mmoja mmoja kuja kumwamkia, mpaka harusi ikawa kama imehamia barabarani, na binamu akatoka mwenyewe, akainama dirishani, akaomba radhi. Bibi akashuka. "Miguu imekufa ganzi," akamwambia, "ulichelewa sana."

Kwa hiyo Ijumaa ile alipotoa neno kuhusu bastola, kila aliyekuwa kwenye sinia alijua si maneno ya kupita.

Ijumaa watoto na wakwe zake walikuja kula kwake baada ya swala. Mwanawe mkubwa, mtu wa ofisi kubwa na sauti ndogo, hakuipenda bastola tangu siku ya kwanza. Hakugomba. Alikuwa akirudia jambo lile lile kwa upole, ambao ni ugomvi mbaya zaidi.

"Mama, wenzako wanapanda maua."

"Maua ya Doha yanapandwa na manispaa."

"Watu wanasema."

"Waseme. Ukubwa jaa, mwanangu, kila takataka inatupwa kwako."

Lakini Ijumaa ile alikuja na jambo jipya. Mkewe alikuwa amesikia klabuni kwamba bastola inamkwama mama kila mara, kwamba mwalimu anasema kifundo cha mkono wake hakina nguvu tena. "Chuma kile ni kizito," mwanawe akasema. "Kitakuumiza. Au utamuumiza mtu."

Nilimwona Bibi akiacha kula. Klabu ilikuwa imempangia mtihani: akifaulu, atapiga shabaha kama mwanachama kamili, akishindwa, arudi kwenye mafunzo. Aliosha vidole kwenye bakuli, akavifuta, akasema kwa Kiarabu, halafu akarudia kwa Kiswahili ili hata sisi wa jikoni tusikie:

"Siku ya mtihani nikishindwa, iuzwe. Na mimi sitaitaja tena kwenye sinia hili mpaka nife."

Mwanawe akamsogezea kipande kizuri cha nyama, kama mtu anayemfariji aliyeshindwa tayari.

Ninataka isomeke wazi kwamba alikuwa na cha kupoteza. Nimekaa na matajiri wa kisiwa cha The Pearl tangu wakati ule, najua raha yao ya vitu inavyochoka haraka. Hii haikuwa hivyo. Asubuhi ya klabu Bibi aliamka kabla ya saa yake, akatia wanja, akavua pete zote akaziacha kwenye kisahani, akanifokea nimechelewa wakati nilikuwa tayari mlangoni. Ndani ya gari hakusema neno. Klabuni alivaa vifunika masikio juu ya ushungi wake, akakaa kwanza mezani, akaitazama bastola bila kuigusa. Kisha aliichukua, akavuta pumzi, akapiga. Baada ya kila risasi alisema "Haya," kwa sauti ya mtu anayekubali hoja.

Mara ya kwanza kumwona akitabasamu na meno yote ilikuwa hapo, harufu ya baruti imejaa kwenye kibanda chake, ganda la risasi limemdondokea kwenye kiatu. Aliliokota likiwa moto, akalirusha toka mkono huu kwenda huu kama hindi la kuchoma.

Tukirudi, tulisimama kwenye kibanda cha karaki, chai nzito ya maziwa na iliki. Dereva alipiga honi, kijana akatuletea vikombe na chapati dirishani, na Bibi akafungua karatasi yake ya shabaha juu ya mapaja.

"Nairobi, tazama. Hapa, na hapa."

"Na hizi za pembeni, Bibi?"

"Hizo nilikuwa nasalimia."

Karatasi hizo hakuzitupa wala hakuziweka kwenye fremu. Alizitandika kwenye droo za jikoni. Ukifungua kutafuta kijiko, unakuta miduara na matundu, na katikati ya matundu, miiko.

Mwalimu wake wa shabaha alikuwa Mmisri, mwanamke mrefu mwenye subira ya kutosha watu wengi. Alimpenda Bibi na alimwogopa kidogo. Ndiye aliyemkataza kuingiza chetezo klabuni. Kwa Bibi hakuna kitu kipya kilichoanza kutumika kabla ya kufukizwa udi: gari, simu, mapazia, hata mashine ya kufulia. Alikuja na makaa na udi wake afukize bastola, mwalimu akamweleza, kwa adabu zote, kwa nini moto na baruti havikai chumba kimoja. Bibi alikubali. Badala yake alikuwa akijifukiza mikono nyumbani, ili bastola ipate udi kwa njia ya mikono.

Kama mwalimu angeuliza kuhusu mafuta pia, tusingefika tulikofika.

Bastola husafishwa na kupakwa mafuta baada ya kutumika. Klabu ilikuwa na mafuta yake kwenye kikopo, na Bibi aliyanusa siku ya kwanza akakunja uso. "Yananuka gereji." Tangu hapo alisafisha kama alivyofundishwa, kila kipande mahali pake, lakini mafuta alipaka ya kwake, kutoka kichupa kidogo cha mkobani. Mwalimu alimwona akipaka. Hakuuliza anapaka nini, nani angedhani?

Bibi alikuwa na mafuta ya nazi kama watu wengine walivyo na dini. Wageni kutoka pwani walimletea kwenye chupa za maji. Alipaka nywele, nyayo, bawaba za mlango, cherehani, ngozi ya viti vya gari, na mtoto yeyote aliyepita karibu. Mimi nilikuwa nimeacha kuyaona, kama mtu anavyoacha kuona ukuta.

Mwanzoni bastola ilikuwa inakubali, na majira ya joto yalipofika ikaanza ukaidi. Ile sehemu ya juu ilirudi nyuma kwa uvivu, ikasimama kabla ya kufunga. Mwalimu akamfundisha jinsi ya kuikwamua: kidole nje ya triga, mtutu mbele, toa magazini yenye risasi, vuta, hakikisha, rudisha. Bibi akafanya hivyo asubuhi nzima. Wiki iliyofuata tena. Mwalimu akamshika kifundo cha mkono, akakibonyeza, akasema taratibu kwamba bastola ya aina hii inataka mkono usiolegea. Mkono ukilegea, chuma hakimalizi safari yake. Ni kweli, huwa hivyo. Ila haikuwa hivyo.

Bibi alinunua mpira wa kuminya. Aliuminya akisikiliza Kurani, aliuminya akiongea na simu, aliuminya nikimsomea habari. Usiku mkono ulimuuma, akaupaka mafuta ya nazi.

"Labda ni uzee, Msomi," akaniambia siku moja, na kwa kuwa hakuwahi kuniambia kitu kama hicho, nilikosa hoja ya kubisha. Mtihani ulikuwa umekaribia. Alianza kunielekeza ni nani aulizwe kama anataka kununua bastola, na nimweleze ni ya mtu anayeitunza.

Asubuhi moja tulikuwa njiani kwenda klabuni, kiyoyozi cha gari kimewekwa baridi ya Bibi, yaani ya kuhifadhia maiti. Nilimwona amekibana kile kichupa kwapani.

"Bibi, unaumwa?"

"Napasha mafuta. Yameganda."

"Yameganda kwa nini?"

"Baridi. Mafuta ya nazi kwenye baridi yanaganda, hukusoma?"

Nilitazama barabara. Niliwaza ghala la klabu, ambamo tulikuwa tunaingia tumejifunga mitandio. Niliwaza chumba cha shabaha, ambako mwalimu alivaa sweta mwezi wa Agosti.

"Na yale yaliyo ndani ya bastola," nikauliza, "anayapasha nani?"

Bibi alikitoa kile kichupa kwapani, akakiinamisha. Nusu ilikuwa maji, nusu nyeupe kama samli. Akakitazama kwa muda mrefu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, mpaka nikasikia sauti.

"Nairobi!" akasema, amekaukiwa na kicheko. "Nairobi, kimbiza gari! Nimeipikia bastola wali wa nazi!"

Mwalimu alipoifungua mezani, kila mfereji wa chuma ulikuwa na utando mweupe, umeshika masizi ya baruti kama ukoko. Alichukua kidogo kwenye kidole, akanusa, akatutazama mmoja mmoja.

"Nazi," nikamwambia.

Alikaa chini, akajifunika uso kwa mikono. Alipoweza kusema tena, alimuomba Bibi radhi kwa habari ya kifundo cha mkono. Bibi alisema hana neno, kwani sasa anaweza kuvunja korosho kwa vidole viwili. Akapaka yale mafuta ya kikopo, kidogo sana, pua imegeukia mlangoni. "Angalau zamani ilikuwa inanukia," akanung'unika. Siku hiyo bastola haikukwama hata mara moja, naye hakusema "Haya." Alikaa kimya kila risasi ilipotoka, kama mtu anayesikiliza.

Kabla ya mtihani nikaondoka. Nilikuwa nimepata kazi ya kutafsiri katika ofisi moja The Pearl, na ndugu wa nyumbani kwetu akanipa kitanda katika chumba chao, mtaa wa Al Mansoura. Nilimweleza Bibi kwa woga. Hakupinga kibali changu cha kubadili mwajiri, ambacho waajiri wengi hupinga. Alisema tu, "Nenda. Huku umeshabishana na kila kitu." Kisha hakunipigia simu kwa muda, nami sikujua kama ni hasira au ni adabu. Sijui mpaka leo.

Halafu akapiga. Hakunisalimia.

"Msomi. Jumamosi una kazi?"

"Sina, Bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Njoo klabuni. Si kufanya kazi. Kuona."

Dereva alinifuata Al Mansoura bila kutumwa, akadai Bibi hajui. Njiani aliniambia mwanawe mkubwa pia anakuja. "Amesema lazima aone na macho yake. Sista, shosh akianguka leo, hiyo bastola inauzwa hata kabla chai ipoe."

Siku ya mtihani familia iliruhusiwa kukaa nyuma ya kioo. Mwanawe alikuwa amekaa wima na kanzu isiyo na mkunjo, simu mkononi, haitazami. Nilikaa kiti cha nyuma yake. Bibi alikuwa upande wa pili, mdogo kuliko nilivyomkumbuka, ushungi mweusi na vifunika masikio vikubwa vya rangi ya machungwa. Hakugeuka kututazama.

Mwalimu alimuuliza mambo ya usalama, akajibu kwa mikono. Mwalimu akamjazia magazini mwenyewe, akampa. Bibi akapiga. Kwenye karatasi nikaona tundu, na karibu yake la pili. Nilianza kupumua.

Kisha akavuta triga, na hakukutokea kitu.

Tulikisikia kile kimya hata kwa upande wetu. Mwanawe aliinuka nusu. "Mkono," alisema kwa Kiarabu, si kwangu wala kwa mtu yeyote. "Niliwaambia, mkono." Nami, nisiyependa bastola, niliyeuliza kwa nini mwanzoni kabisa, nilikuwa nimeshika mgongo wa kiti chake kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma. Nilitaka ibaki yake. Sikuwa na hoja yoyote ya kulitetea hilo.

Bibi hakushtuka. Mtutu ulibaki mbele. Kidole kilitoka kwenye triga, kikanyooka ubavuni mwa chuma. Akangoja kidogo. Akatoa magazini, akavuta sehemu ya juu, risasi ikaruka ikaanguka sakafuni bila kulipuka. Akachungulia ndani, akahakikisha, akarudisha kila kitu, akainua tena mikono. Hakuna hata mara moja alipomtazama mwalimu kuuliza afanye nini. Risasi iliyofuata ilitoka, na iliyofuata, mpaka sehemu ya juu ikabaki nyuma, tupu.

Mwalimu aliinama, akaokota ile risasi iliyolala, akaigonga mezani. Baadaye alitueleza kwamba ilikuwa bandia, na kwamba huwawekea watahiniwa wote bila kuwaambia. Wengi hugeuka na bastola mkononi kumuuliza imekuwaje, na mtihani huishia hapo. Bibi, kwa zile wiki za nazi, alikuwa amekwamua bastola mara nyingi kuliko mwanafunzi yeyote wa klabu ile.

Alifaulu. Alitoka kwenye ukumbi wa mbele, uso una jasho na wanja umemtiririka, akanipa mkono niubusu kama kawaida, akanipa na mkoba niushike kama kawaida.

Mwanawe alimbusu paji la uso. "Hongera, mama. Kwa hiyo haiuzwi."

"Haiuzwi," Bibi akasema. "Mimi nilitoa neno langu kama nikishindwa. Wewe hukusema nikishinda itakuwaje."

Mwanawe alitabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile. "Unataka nini?"

"Ijumaa, kwenye sinia, useme wewe. Si mimi. Useme ulichokiona."

"Nitasema, inshallah."

"Hiyo inshallah yako naijua. Sema sasa, nikusikie."

Alitazama huku na huku. Ukumbi ulikuwa na wanawake wanaosubiri zamu, vifunika masikio vimewakaa kichwani. Dereva alikuwa mlangoni, funguo mkononi, hakuonyesha dalili ya kwenda popote.

"Mama amepiga vizuri," mwanawe akasema kwa Kiswahili chake cha utotoni, chini chini.

"Sauti, mwanangu."

"Mama amepiga vizuri."

"Na ilipokataa?"

"Ilipokataa, akaiweka sawa. Peke yake. Mimi nilisimama, nilidhani ameshindwa."

"Sauti. Shemeji zako wanakaa mwisho wa mkeka."

Akavuta pumzi, yule mtu wa ofisi kubwa, akaanza tena kutoka mwanzo, kwa sauti iliyojaa ukumbi, na wanawake waliokuwa wakisubiri wakavua vifunika masikio mmoja mmoja, wapate kusikia.